Agizo Linalovumilia Kurudiwa



Naomba mwurudie kidogo mwaka 2024. Wenye mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania, mtakumbuka: ulinunua umeme kama siku zote, ukaletewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, ukaambiwa uingize mawili ya mwanzo kabla ya lile la umeme wenyewe. Kenya nako wenye mita za tokeni walifanya zoezi hilohilo, na siku ya mwisho ilikuwa moja kwa wote, 24 Novemba. Jirani yangu, mzee mstaafu, alisimama barazani na miwani puani, mjukuu akimsomea namba kwa mwanga wa simu. Alipomaliza aliniuliza: "Mwanangu, hivi namba zote hizi zinakwenda wapi?"

Nilimjibu harakaharaka, na nilimjibu vibaya. Nilisema zinakwenda makao makuu. Haziendi popote, mzee wangu. Zilikuwa zimekwisha kufika.

Tarakimu zile ni agizo. Mita nyingi za aina ile hazina kadi ya simu wala waya wa mawasiliano. Kompyuta ya shirika la umeme haina namna ya kuzungumza nazo. Kwa hiyo agizo linaandikwa huko liliko, linafungwa kwa ufunguo wa mita hiyo moja, kisha linakabidhiwa tarishi. Tarishi ni wewe na kidole chako. Zile tarakimu 20 zimebeba biti 66. Humo mna kiasi cha umeme, mna biti za kukagua kama umekosea kubonyeza, na mna biti 24 ambazo ndizo zilizonileta mbele yenu jioni hii. Hizo ni kitambulisho cha agizo: dakika lilipoandikwa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216 na hazizidi hapo, yaani miaka 32 kasoro mwezi na siku chache. Zilikwisha 24 Novemba 2024. Yale makundi mawili ya ziada yaliibadilishia mita ufunguo na kuanzisha hesabu mpya, safari hii tangu 2014. Mjukuu yule atakuja kuwasomea wengine mwaka 2045.

Na kitambulisho chenyewe ni cha nini? Jaribuni kuingiza tokeni ya jana leo. Mita itaikataa, kwa sababu inakumbuka vitambulisho ilivyokwisha kuvipokea. Umesahau kama uliiingiza? Iingize tena, hakuna litakaloharibika. Agizo limeandikwa kwa namna ambayo kulirudia hakulidhulumu shirika wala hakumnufaishi mwizi. Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutuma maagizo kwa kompyuta zilizo mbali, zenye nguvu mara maelfu kuliko kisanduku kile cha ukutani, na nakiri mbele yenu kwamba mengi niliyoyaandika ujanani hayakufikia adabu ya tokeni ya LUKU.

Somo lenyewe, basi: kuziagiza mashine za mbali kwa njia ya foleni ya ujumbe. Mtadhani ni jambo la kigeni kabisa, lakini lugha yetu ina maneno mawili yaliyolibeba zamani. Foleni ni neno la gwaride. Ni amri ya Waingereza ya kuwaambia askari wajipange, ikasikika kwa masikio yetu ikawa jina la mstari wenyewe. Na kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, akifanya kazi anakirudisha na kulipwa, mwishowe jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Leo tukisema kibarua cha fulani kimeota nyasi, hakuna anayefikiria karatasi. Wenzangu wa fani wanaziita mashine zinazotenda kazi "wakazi", "waka", au kwa Kiingereza kitupu. Mimi naziita vibarua, na nitawaonyesha kwamba neno hili ni sahihi kuliko la Kiingereza, maana limekumbuka cheti.

Njia iliyozoeleka ya kuiagiza mashine ya mbali ni kuingia ndani yake. Unagonga mlango wake, unatoa ufunguo, unaandika amri, unasubiri jibu. Kwa mashine tatu inafaa sana, na wala sitaki mtu atoke hapa akajenge foleni kwa ajili ya mashine tatu. Ila zikiwa mia mbili, kila moja lazima iwe na mlango wazi, iwe macho saa ile unayogonga, na wewe usikatikiwe na mtandao katikati. Kompyuta iliyoko zahanati ya mkoani, nyuma ya modemu ya simu, haina hata anwani ya kugongwa kutoka nje.

Foleni inageuza mwelekeo. Mwenye kazi anaandika agizo na kuliweka dirishani kwa programu iliyokaa katikati. Naiita dalali, ingawa haichukui kamisheni. Kibarua ndiye anayetoka kwake kwenda dirishani kuuliza, "Kuna kazi?" Akiwa amelala, agizo linamngoja. Akiwa na wenzake kumi, kila mmoja anachukua la kwake. Mwenye kazi hahitaji kujua jina la kibarua wala alipo.

Historia yake nitaipitia mbio. IBM waliuza programu yao ya foleni, MQSeries, tangu 1993, na mabenki yakaipenda. Mwaka 2003 John O'Hara wa JPMorgan huko London alichoka kufungwa kwa muuzaji mmoja, akaanzisha itifaki ya wazi iitwayo AMQP. Mwaka 2006 Amazon wakaanza kukodisha foleni yao, SQS, kama anavyokodishwa mtu godoro. Mwaka 2007 ikatoka RabbitMQ, dalali aliyeandikwa kwa lugha ya Erlang, na hapa naomba dakika moja ya mchepuko. Lugha hiyo ilizaliwa kwenye kampuni ya simu ya Ericsson, na jina lake linamkumbusha mtu Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyechapisha mwaka 1909 hesabu za simu zinazosongamana kwenye kituo kimoja. Yeye ndiye baba wa hesabu za foleni. Dalali wa foleni ameandikwa kwa lugha yenye jina la mtu wa foleni. Sijui kama walipanga, lakini imekaa vizuri. Mwaka 2009 Ask Solem akatoa programu ya Celery, na waandishi wa lugha ya Python wakaanza kutuma kazi kwa vibarua kwa mistari miwili mitatu tu.

Wepesi huo ndio uliotuponza.

Turudi kwenye cheti. Kibarua akichukua agizo, dalali halifuti papo hapo. Analificha wengine wasilione, anasubiri stakabadhi. Stakabadhi ikija, analifuta. Isipokuja, anadhani kibarua amekufa na anamkabidhi mwingine. Katika SQS, usipotamka vinginevyo, anangoja sekunde 30. RabbitMQ yeye huangalia kama kibarua bado ameshika mkono, yaani kama muunganisho uko hai. Ukikatika, agizo linarudi mstarini.

Swali linalowatenganisha mafundi ni hili: kibarua atie sahihi lini? Akitia sahihi anapopokea, kisha umeme ukakatika kabla hajafanya kazi, agizo limepotea na hakuna anayejua. Daftari linasema limepokelewa. Akitia sahihi baada ya kazi, kisha umeme ukakatika kati ya kumaliza kazi na kutuma stakabadhi, kazi itafanywa tena na mwingine. Hakuna njia ya tatu. Mtakutana na wauzaji watakaowaahidi kwamba foleni yao hufikisha kila agizo mara moja barabara, si zaidi wala si pungufu. Waulizeni wanamaanisha mara moja ya nini. Wanaweza kuzuia ujumbe usijirudie ndani ya foleni yao. Kuzuia kazi isijirudie upande wa pili, kwenye mita, kwenye akaunti, kwenye simu ya mteja, hawawezi, kwa sababu aliye huku hawezi kutofautisha kibarua aliyekufa kabla ya kazi na aliyekufa baada ya kazi. Wote wamenyamaza sawasawa.

Nilijifunza haya kwa aibu. Nilikuwa naifanyia kazi taasisi moja ya mikopo midogo, na kila Jumatatu asubuhi tulituma ujumbe wa simu kuwakumbusha wateja marejesho. Agizo moja lilikuwa na wateja 100. Kibarua alipitia orodha, akatuma, akatia sahihi mwishoni, kama nilivyofundishwa. Siku mtandao wa kutuma ujumbe ulipokuwa mzito, wateja 100 walichukua zaidi ya dakika moja badala ya sekunde 10, na foleni yetu ilikuwa imewekwa sekunde 30. Kibarua wa kwanza akiwa hajafika mwisho, dalali akadhani amekufa, akampa wa pili. Wa pili naye akachelewa, akapewa wa tatu. Wote watatu walikuwa hai, wachapakazi, waaminifu. Mama lishe wa watu akaamka Jumatatu na jumbe tatu zinazomdai deni lilelile, na wengine wakadhani mkopo wao umezidishwa mara tatu. Simu zililia ofisini hadi adhuhuri.

Dawa ya kwanza niliyofikiria ilikuwa kuongeza muda kutoka sekunde 30 hadi dakika 5. Ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Siku moja mtandao utachukua dakika 6. Dawa yenyewe ilikuwa kukata agizo la watu 100 kuwa maagizo 100 ya mtu mmoja mmoja, kila moja na kitambulisho chake, na kibarua kabla ya kutuma aangalie daftarini: ukumbusho wa mteja huyu wa wiki hii umekwisha kutumwa? Umekwisha, basi tia sahihi uende zako. Hata hapo pana ufa mdogo kati ya kutuma na kuandika daftarini, lakini sasa ukitokea unamgusa mteja mmoja. Wakati ule sikuwa nimejua kwamba mita za umeme zilifanya hivyo tangu miaka ya tisini.

Kitambulisho ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni sarufi ya agizo. Linganisheni: "bonyeza swichi" na "taa iwe imewaka". La kwanza likifika mara mbili mnabaki gizani. La pili likifika mara kumi taa inawaka tu. Au "ongeza vibarua wawili" na "vibarua wawe sita". Chukueni sanduku la sola linalolipiwa kidogokidogo, la namna ambayo M-KOPA walianza kuiuza Kenya mwaka 2012, lenye kadi ya simu ndani yake, likifunguka mteja anapolipa. Ungekuwa wewe ndiye mwandishi wa agizo, ungeandika "ongeza siku moja" au "kaa wazi hadi usiku wa Alhamisi"? Agizo la kwanza linategemea sanduku lilikuwa wapi lilipolipokea. La pili halijali. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tuna umbo lililo tayari kwa hali inayotakiwa: iwe, yawe, wawe. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi, ukiona agizo lako linaanza na "ongeza", "punguza" au "geuza", simama kwanza.

Kuna namna ya pili ya kuagiza, nayo ni ya kutangaza. Katika ile ya kwanza, kazi moja inachukuliwa na kibarua mmoja yeyote. Katika hii, agizo moja lazima lifike kwa wote: badilisheni programu, badilisheni ufunguo, zimeni. Kila kibarua anapewa foleni yake na nakala yake. Hatari hapa ni yule mmoja ambaye hakusikia.

Mfano wake mkubwa hauhusu foleni hasa, maana programu ilinakiliwa kwa mkono, lakini sijaona wenye mafunzo makali zaidi. Knight Capital ilikuwa kampuni ya udalali wa hisa Marekani, na safari hii neno dalali nalitumia kwa maana yake ya sokoni. Walikuwa na seva nane zilizopeleka maagizo ya hisa. Mwishoni mwa Julai 2012 waliweka programu mpya katika saba, ya nane ikasahauliwa, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Programu mpya iliamshwa kwa alama ileile iliyotumika zamani kuamsha kipande kingine cha programu, kilichoachwa kutumika tangu 2003 lakini hakikuwahi kung'olewa. Asubuhi ya 1 Agosti soko lilipofunguliwa, saba zilielewa alama kwa maana mpya, ya nane kwa maana ya zamani, ikaanza kununua na kuuza bila kujua pa kukomea. Ndani ya dakika 45 zilifanyika biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za makampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460.

Mambo mawili ya kisa hiki nayarudia kila mara. Mfumo wenyewe ulituma barua pepe 97 za ndani zenye kutaja kosa kabla soko halijafunguliwa, na hakuna aliyezishughulikia. Pili, walipohangaika kuzima moto waliiondoa programu mpya kwenye zile saba nzima, alama ikiwa bado inaingia. Na zile saba nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Walidhani ugonjwa uko kwa wengi, kumbe ulikuwa kwa mmoja. Stakabadhi nane zingeliwaokoa: agizo la kutangaza lisihesabiwe limekwisha mpaka kila jina lililo kwenye orodha limetia sahihi, na orodha hiyo iwe imeandikwa kabla, si ya waliojitokeza.

Sasa nije kwenye lililo zito kuliko yote, nalo halihusu bahati mbaya. Mashine inayotii agizo lolote linalotoka dirishani imemkabidhi mwenye dirisha nyumba nzima. Salt ni mfumo ulioanzishwa na Thomas Hatch mwaka 2011, mzuri na mwepesi: bwana mmoja anatangaza, vibarua maelfu wanatenda kwa sekunde chache, naye anasikiliza kwenye milango miwili, 4505 na 4506. Mwishoni mwa Aprili 2020 watafiti wa F-Secure wa Finland walitangaza kwamba yeyote anayeufikia mlango wa 4506 angeweza, bila nywila yoyote, kuita kazi ya ndani iliyoweka maagizo moja kwa moja kwenye foleni ya kutangazwa. Vibarua wakayatekeleza kwa mamlaka ya juu kabisa. Watafiti hao walikuta mabwana zaidi ya 6,000 wamekaa wazi kwenye intaneti. Marekebisho yalikuwa yametoka, lakini haikupita wiki kabla LineageOS, watengenezaji wa mfumo wa simu, na Ghost, jukwaa la blogu, hawajavamiwa. Kwa Ghost wavamizi walizitumia seva kuchimba sarafu za kidijitali, na waligundulika kwa sababu mashine zilielemewa.

Msimamo wangu ni huu, na wenzangu wengine wanauona wa kizee: dirishani pasipite maneno ya amri, yapite majina ya kazi. Kibarua awe na kazi zake tano anazozijua, kama "tuma ukumbusho", "tengeneza ripoti", "safisha picha", na agizo limtajie jina la kazi na vipimo vyake tu. Likija jina asilolijua, alikatae. Ukimpelekea sentensi yoyote akaitekeleza, siku dirisha litakapoibwa mwizi hatahitaji kujua chochote kuhusu nyumba yako. Ni usumbufu, nakubali. Kila kazi mpya inabidi uende ukamfundishe kibarua kwanza. Mita ya LUKU nayo haijui kazi nyingi.

Limebaki agizo lenye sumu. Hili ni lile ambalo kila kibarua anayelishika anaanguka. Dalali, kwa wema wake, anampa mwingine, naye anaanguka, na hivyo hivyo mpaka vibarua wote wako chini na mstari mzima umesimama nyuma ya ujumbe mmoja. Kwa hiyo kila foleni inayojiheshimu huhesabu: agizo likirudi, tuseme, mara tano, linatolewa mstarini na kuwekwa kando kwenye foleni ya barua mfu, kama posta inavyoweka kando barua isiyo na mwenyewe. Kuiweka foleni hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kuifungua na kusoma kilichomo ndiyo kazi ambayo hakuna anayepangiwa.

Pale kwenye taasisi ya mikopo tuliiweka baada ya ile Jumatatu. Tulijipongeza, tukaendelea na mengine. Miezi kadhaa baadaye niliifungua kwa sababu diski ilikuwa inajaa, nikakuta maagizo mamia. Nilisoma majina: Nyang'oro, Ng'wandu, Mung'ong'o, tena Nyang'oro. Kila mteja ambaye jina lake lina ng' alikuwa humo. Programu yetu ilichukua ile alama ndogo ya juu kuwa mwisho wa maandishi, ikaanguka. Mtu aliyeiandika mwanzo hakuwahi kufikiria kwamba jina laweza kuwa na kitu kama hicho katikati, nami niliyeirithi, Mswahili wa kuzaliwa, sikuwahi kuijaribu kwa jina hata moja la aina hiyo. Kwa miezi yote ile watu hao hawakupata ukumbusho, na waliochelewa kulipa walitozwa faini kama wengine.

Nilirekebisha mstari mmoja wa programu. Kisha, kwa furaha ya fundi aliyepata kosa lake, nikayarudisha maagizo yote mstarini yaende. Kila moja lilikuwa na kitambulisho chake, halikuwa limewahi kutumwa, na vibarua wakayatuma yote, mara moja moja, bila kosa. Sikuwa nimeyawekea tarehe ya kuisha. Saa nne asubuhi mama mmoja alipiga simu, akauliza kwa upole kabisa: "Baba, deni la Machi nililimaliza Machi na risiti ninayo. Leo Agosti mnanidai kumi na saba kwa mpigo. Niwalipe la nani?"